Uchaguzi wa Lugha ya Kuamrishia Programu za Kuchorea Ramani

Makusudi ya makala haya ni kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la wahandisi peke yao, lakini likichunguzwa vema hudhihirika kuwa ni jambo la lugha. Wachoraji ramani wa siku hizi, wawe ni wa majengo, wa barabara, wa mabomba au wa mitambo, wameuacha ubao wa kuchorea wakashika kompyuta. Programu wazitumiazo zina nguvu nyingi, walakini haziwezi kuzijua desturi za kila ofisi. Ofisi moja huweka kuta katika tabaka moja la mchoro na samani katika tabaka jingine. Ofisi ya pili hugawanya kwa namna nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa programu hizo waliacha mlango wazi, ili mchoraji aweze kuifundisha programu amri mpya, na mafundisho hayo hutolewa kwa lugha. Shida ni kwamba lugha za kufundishia si moja. Katika AutoCAD, ambayo ndiyo itakayokuwa mfano katika maelezo haya, zipo kadhaa, na kila mwenye kuuliza aanze na ipi hupewa mashauri yapinganayo.

Swali la kwamba lugha ipi ni bora ni la zamani sana kwa wataalamu wa lugha, nao aghalabu hulijibu kwa kuuliza: bora kwa nani, kwa kusema jambo gani, na kwa kusikiwa na nani? Lugha za kompyuta nazo zastahili kuulizwa hivyo hivyo.

Haja ya kuwa na lugha

Na tuseme kwamba ofisi yenye wachoraji watatu imepewa kazi ya jengo la ghorofa kadhaa, lenye milango 200. Kila mlango hauna budi kupewa namba, na namba zote kuorodheshwa pamoja na upana na kimo. Mchoraji akiifanya kazi hiyo kwa mkono atatumia siku nzima, na mwenye jengo akibadili mawazo juu ya chumba kimoja, orodha itaanza upya. Kosa moja likipita, humfikia seremala. Na mbao zilizokwisha katwa kwa kipimo kisicho chake haziungiki tena. Amri moja iliyotungwa vizuri huifanya kazi hiyo kwa dakika chache, na huirudia bila kuchoka. Hiyo ndiyo faida itafutwayo.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuandika amri za kawaida katika faili, moja chini ya nyingine, kisha kuiambia programu izifuate kwa utaratibu wake. Hii haijastahili kuitwa lugha kamili, kwa maana haina njia ya kusema “kama”. Yaweza kuamuru, bali haiwezi kuweka sharti, haiwezi kusema, “kama mlango una upana huu, fanya hivi, la sivyo fanya vile.” Kwa kazi isiyobadilika yatosha. Kwa kazi yenye hali mbalimbali hapana budi kutafuta lugha yenye sarufi.

Lugha ya mabano

Lugha ya kwanza kuingizwa katika AutoCAD kwa kazi hii ni AutoLISP. Asili yake ni LISP, iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958 katika chuo cha MIT, Marekani, kwa ajili ya uchunguzi wa akili ya mashine. Lugha hii ilizaa lahaja nyingi. Mojawapo, ndogo na nyepesi, iliitwa XLISP, nayo ilitungwa na David Betz. Kampuni ya Autodesk, iliyoanzishwa mwaka 1982 na John Walker pamoja na wenzake, ilianza kuuza AutoCAD mwishoni mwa mwaka huo. Na mwaka 1986 ilitia ndani yake lahaja iliyotokana na XLISP, ikaipa jina la AutoLISP.

Sarufi ya lugha hii ni fupi mno. Kila tungo hufungwa ndani ya mabano. Neno la kwanza ni la kutenda, na yafuatayo ni ya kutendwa. Badala ya kuandika 2 + 3, huandikwa (+ 2 3). Mtu aliyezoea Kiswahili ataona tofauti moja kubwa. Katika Kiswahili uhusiano wa maneno huonyeshwa na upatanisho: katika “vitabu vile viwili vimepotea” kila neno hubeba alama ya bwana wake, hata sikio likajua lipi lashikamana na lipi. AutoLISP haina upatanisho wowote. Ina mabano tu. Bano moja likisahauliwa, tungo nzima huanguka. Ndiyo sababu wanaoanza huilalamikia, na ndiyo sababu pia wanaoizoea huipenda, kwa kuwa kanuni wanayopaswa kuikumbuka ni moja.

Mfano ufuatao waunda amri mpya iitwayo NGUZO, yenye kuchora nguzo ya duara mahali atakapoonyesha mchoraji:

(defun c:NGUZO (/ kati)
  (setq kati (getpoint "\nOnyesha kati ya nguzo: "))
  (command "_.CIRCLE" kati 150)
  (princ))

Mstari wa kwanza waipa amri jina lake, na kusema kwamba neno “kati” ni la matumizi ya humo ndani tu. Wa pili wamwomba mchoraji aonyeshe mahali, na kuhifadhi jibu lake chini ya jina hilo. Wa tatu waita amri ya kuchora duara, yenye kipimo cha 150 toka kati hadi ukingoni. Vipimo vikiwa vya milimita, nguzo itakuwa na upana wa 300. Wa nne wamaliza kwa kunyamaza, ili programu isiandike neno lisilotakiwa. Mistari hii yaweza kuandikwa katika faili la maandishi matupu, pasipo chombo kingine chochote, na kutumiwa papo hapo.

Mkalimani na mfasiri

Kiswahili hutofautisha kazi mbili ambazo kwa lugha nyingine huchanganywa. Mkalimani husimama kati ya wazungumzaji, akigeuza maneno sentensi kwa sentensi kadiri yanavyotamkwa. Mfasiri huchukua kitabu kizima, akakaa nacho, kisha akakitoa kikiwa kimegeuzwa chote. Tofauti hiyo ndiyo iliyopo baina ya lugha hizi. AutoLISP kwa kawaida husomwa kwa njia ya ukalimani: mwandishi hubadili mstari mmoja, akajaribu, akaona kosa, akasahihisha. C++ na C# hupita kwanza kwa mfasiri, na programu hupokea kilichokwisha fasiriwa.

C++ ilianza kutungwa na Bjarne Stroustrup mwaka 1979 katika maabara ya Bell, Marekani. Katika AutoCAD hutumika kwa njia iitwayo ObjectARX, nayo ndiyo yenye uwezo kupita zote. Kwa lugha hii mtu aweza kuunda hata aina mpya ya kitu ambacho AutoCAD haikukijua, mathalani bomba lijualo kwamba limeungana na bomba jingine. Uwezo huo una gharama. Mchoro wenye vitu vya namna hiyo ukifunguliwa katika kompyuta isiyo na programu iliyoviunda, vitu hivyo huwa kama maneno ya kigeni: umbo huweza kuonekana, lakini maana haieleweki wala haibadilishiki ipasavyo. Zaidi ya hayo, programu iliyoandikwa kwa C++ hufanya kazi ndani ya kumbukumbu ya AutoCAD yenyewe, hata kosa dogo laweza kuiangusha programu nzima pamoja na mchoro usiohifadhiwa.

C# ilitangazwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2000, na aliyeongoza utungaji wake ni Anders Hejlsberg. Hutumika kupitia mfumo wa .NET. Ina nguvu karibu na za C++, ijapokuwa haiwezi kuunda aina mpya za vitu vya mchoro, na yamlinda mwandishi asianguke katika mashimo mengi ya C++. Kwa kazi kubwa yenye vidirisha vingi, na yenye kuzungumza na hazina za habari nje ya mchoro, wengi huiona kuwa njia ya katikati iliyo njema.

Lakini kilichofasiriwa hufasiriwa kwa ajili ya wakati wake. AutoCAD 2025, iliyotolewa mwaka 2024, ilihama kutoka mfumo wa zamani wa .NET kwenda .NET 8, na kazi zilizoandikwa kwa mfumo wa zamani zikahitaji kutengenezwa upya. Zile za C++ nazo hubidi kufasiriwa tena kila baada ya matoleo kadhaa. Ofisi iliyopoteza maandishi ya asili, ikabaki na tafsiri tu, haina la kufanya. Kwa upande wa AutoLISP, faili nyingi zilizoandikwa miaka ya 1990 zafanya kazi hata leo bila kuguswa.

Lugha iliyowekwa kando

Habari ya Visual Basic yafaa kusimuliwa peke yake, kwa kuwa ina fundisho. Lugha hii ya Microsoft, katika umbo lake la kutumika ndani ya programu nyingine, iliingia AutoCAD mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu wa maofisini walikwisha kuizoea katika Excel. Maneno yake ni mepesi kusomeka, na kuunda vidirisha vyake hakukuwa na taabu. Wachoraji wengi ambao mabano ya LISP yaliwatisha waliikimbilia, na ofisi zikajenga kazi zao juu yake.

Kisha ilikuja AutoCAD 2010, iliyotolewa mwaka 2009, na Visual Basic haikuwekwa tena pamoja na programu. Aliyeitaka hakuwa na budi kuifuata pembeni na kuiongeza mwenyewe. Katika kompyuta mpya za biti 64 ile ya zamani haikukaa ndani ya AutoCAD bali ilifanya kazi nje yake, ikawa nzito, mpaka ilipoletwa ya toleo jipya katika AutoCAD 2014. Haikufa, na imeendelea kutolewa kando. Lakini mashauri yaliyotolewa kwa wenye kazi mpya yalikuwa wahame.

Yapasa kuangaliwa kwamba Visual Basic haikuwekwa kando kwa sababu ya uhaba wa maneno au udhaifu wa sarufi. Iliwekwa kando kwa sababu mwenyewe aliyeitunza aligeuzia uso kwingine. Wachunguzi wa lugha za watu wanalijua jambo hili: lugha haipungui kwa kukosa uzuri, bali kwa kukosa wa kuirithisha. Anayechagua lugha ya kompyuta kwa wepesi wake wa leo tu, bila kuuliza ni nani aliyeishika na kwa muda gani, ajenga juu ya ardhi ya kupanga.

Lugha ya kuzungumzia na majirani

Swali jingine ni la kuenea. AutoCAD ya kompyuta za Mac, iliyorejeshwa sokoni mwaka 2010, huielewa AutoLISP, ingawa baadhi ya maneno yake hayamo. Visual Basic na.NET haizielewi. AutoCAD LT, iliyo ya bei nafuu na kwa hiyo hupendwa na ofisi ndogo, ilikaa tangu mwaka 1993 bila AutoLISP. Iliipata katika toleo la LT 2024, lililotoka mwaka 2023. Lugha nyingine zilizotajwa hapa hazikufunguliwa kwa LT.

Ajabu zaidi ni kwamba washindani wa AutoCAD nao wameichukua AutoLISP. BricsCAD ya Ubelgiji, pamoja na ZWCAD na GstarCAD za China, zote huisoma, kila moja kwa lafudhi yake, na amri fupi kama ile ya NGUZO huweza kuhamishwa bila kubadilishwa. Hakuna serikali wala baraza lililoamuru hivyo. Imekuwa kama ilivyokuwa kwa Kiswahili chenyewe kilipofuata misafara ya biashara kwenda bara: wenye shughuli walihitaji neno moja la kuelewana, wakalichukua lililokuwa karibu. Kwa ofisi ambayo yaweza kulazimika siku moja kuiacha programu ya gharama na kushika iliyo nafuu, jambo hili lina thamani kuliko wepesi wa kukimbia.

Hapo ndipo hutajwa Python, iliyotolewa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991, na ambayo hufunzwa katika vyuo vingi duniani. Kijana aliyehitimu aghalabu huijua kabla ya kujua nyingine. Katika FreeCAD, programu isiyo na ada, Python imo ndani na ndiyo lugha ya nyumba. Katika AutoCAD haikupewa kiti; aitumiaye husimama nje na kusema kupitia dirishani, kwa njia ambayo Windows huziwezesha programu kuzungumza. Mambo madogo huwezekana, lakini kazi yenye vitu maelfu huenda polepole. Basi kusema kwamba Python ni nzuri au mbaya kwa kuchorea ramani ni kusema nusu ya neno, maana hutegemea ni nyumba ya nani.

Majina na maandishi

Msomaji wa mfano wa NGUZO ameona alama mbili kabla ya neno CIRCLE, na alama hizo zina historia ya lugha. AutoCAD imetolewa katika lugha kadhaa, na majina ya amri zake hutafsiriwa: amri ya kuchora mstari katika toleo la Kijerumani ni LINIE, na katika la Kifaransa ni LIGNE. Kiswahili hakimo katika matoleo hayo. Ili amri iliyoandikwa Dar es Salaam isikwame huko Berlin, huwekwa mstari wa chini kabla ya jina, nao humaanisha: lichukue jina la asili, lijulikanalo na matoleo yote. Nukta nayo humaanisha: itumie amri ya kiwandani, hata kama mtu ameipa jina hilo kazi nyingine.

Majina ambayo mwandishi huyabuni mwenyewe yaweza kuwa ya Kiswahili. Tahajia ya Kiswahili ina bahati hapa, kwa kuwa haina alama juu ya herufi. Lugha zenye alama hizo, au zenye maandishi yasiyo ya Kirumi, zilipata taabu katika AutoLISP hata toleo la 2021 lilipotengeneza mambo. Kuna jambo moja tu la kutahadhari. Katika LISP alama ya ritifaa ina kazi yake ya kisarufi, ya kuzuia neno lisitendwe. Kwa hiyo jina kama “ung'oaji” halikubaliki; ritifaa hukata jina vipande viwili. Mwandishi hana budi kuandika “ungoaji”, na ng' ya Kiswahili hupotea. Ndani ya ujumbe unaosomwa na mchoraji, uliofungwa kwa alama za mtajo, ritifaa haina madhara.

Wepesi wa AutoLISP una hatari yake pia. Faili la maandishi linalosomwa papo hapo laweza kuandikwa na mtu mwenye nia mbaya. Mwaka 2012 uligunduliwa mdudu aliyeitwa Medre, aliyeandikwa kwa lugha hii, aliyeenea zaidi nchini Peru na kuiba michoro kwa kuituma nje kwa barua pepe. Tangu AutoCAD 2014 programu hulinda mlango huu kwa kuuliza faili latoka wapi. Ofisi yenye busara huweka faili zake mahali pamoja panapojulikana, wala haipokei la mgeni bila kulisoma.

Namna ya kuchagua

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na ni kweli kwamba wako watu wanaolinganisha lugha mwaka mzima wasiandike hata amri moja. Lakini mkulima naye huijua ardhi yake. Maswali ya kujiuliza ni manne. La kwanza, kazi ni ya ukubwa gani? Amri za kuhesabu, kuandika, kusafisha matabaka na kurudia umbo zatoshelezwa na AutoLISP. Kazi ya kuuzia wengine, yenye vidirisha na hazina za habari, yafaa kwa C#. Anayetaka kuunda aina mpya ya kitu hana njia isiyo C++. La pili, ofisi yatumia programu gani leo, na yaweza kutumia gani kesho? La tatu, lugha hiyo yatunzwa na nani? La nne, lililo kubwa kuliko yote na ambalo husahauliwa, ni nani atakayeisoma kazi hii mwandishi wake asipokuwapo?

Katika ofisi nyingi mwandishi wa amri ni mtu mmoja, na siku akihama, amri zake hubaki kama maandishi ya kaburini, yaheshimiwayo na wote na yasiyosomwa na yeyote. Siku programu inapobadilika zikakwama, wenzake hurudi kuhesabu milango kwa mkono. Lugha dhaifu ijulikanayo na wawili katika ofisi yafaa kuliko lugha yenye nguvu ijulikanayo na mmoja.

Kila mojawapo ya lugha hizi ina njia ya kuandika maneno ambayo mashine haiyasomi. Katika AutoLISP mstari ukianza na nuktamkato, programu huupita kimya. Mistari hiyo imewekwa kwa ajili ya binadamu, na humo hakuna sarufi ya mashine, wala ritifaa haikatazwi. Humo mwandishi aweza kueleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini kipimo ni 150 na si 200, ni nani aliyeagiza hivyo, na ni jambo gani lisiguswe. Lugha ya mashine yaweza kuchaguliwa na kubadilishwa. Maelezo hayo yakiwapo, mchoraji ajaye aweza kuifasiri kazi katika lugha yoyote itakayokuwapo wakati wake.